Raha ndogo ndogo za Australia na maneno yake: nilivyokipata Kiingereza cha Queensland kwa chai, soseji na basi la senti 50

#1 Mleta uzi

Wana jamvi, habari za leo. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nyuzi za Australia humu ndani nyingi ni za viza, za kuchuma matunda mashambani, au za nyoka. Zinasaidia watu, sina neno nazo. Mimi naishi Ipswich, Queensland, tangu 2015, kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye makao ya wazee, na leo nataka kuandika juu ya vitu ambavyo havina fomu ya kujaza. Chai ya saa nne. Soseji ya Jumamosi. Ahsante anayopewa dereva wa basi. Mji huu ulianza kuwa kwangu kupitia vitu hivyo, na kila kimoja kilinijia na neno lake mkononi.

Neno la kwanza lilikuwa "arvo". Wiki yangu ya pili kazini, dada anayepanga zamu akaniambia nitaingia arvo. Kiingereza nilikisoma sekondari pale Tanga miaka yote, na mtihani wa Kiingereza wa viza nilifaulu vizuri. Neno hilo sikuwahi kulisikia. Nikaitikia, nikarudi nyumbani, nikafungua kamusi ndogo niliyotoka nayo Bongo, halimo. Jirani yangu, mama mmoja mzaliwa wa hapa, alikuwa anaanika nguo. Nikamuuliza juu ya ua. Akacheka kwa upole, akaniambia ni "afternoon", mchana baada ya saa sita. Wamekata kichwa cha neno wakakibakiza, mkia wakautupa, mahali pake wakaweka o.

Kuanzia siku hiyo masikio yangu yakafunguka. Kituo cha mafuta ni "servo". Mtu wa gari la wagonjwa ni "ambo". Mzoa taka ni "garbo". Usajili wa gari ni "rego". Duka la pombe ni "bottle-o". Wengine wanamalizia kwa sauti ya i: kifungua kinywa ni "brekkie", mbu ni "mozzie", fundi ni "tradie", mji wa Brisbane ni "Brissie".

Wakuu, hebu sikilizeni maneno hayo kwa sikio la Kiswahili. Neno la Kiingereza limeishia kwa konsonanti, wao wanalikata na kulifungia kwa irabu. Sisi tumefanya kazi hiyo hiyo miaka nenda miaka rudi. "Carrier Corps" ya Vita Kuu ya Kwanza ikawa Kariakoo. Kondakta akawa konda. Zanzibar vijana wakaifanya Zenji, Morogoro ikawa Moro. Ulimi wangu uliokuwa unajikwaa kwenye Kiingereza cha shule ukapata pa kupumzikia. Kusema "servo" kwangu ni kama kusema Moro, neno linateleza lenyewe.

Kingine nilichokiona: huku neno hukatwa likishazoeleka, kama sisi tunavyomkata jina mtoto wa nyumbani. Kitu cha mbali hakikatwi. Kwa hiyo mtu akikwambia "arvo" hajakufichia Kiingereza, amekuhesabu kuwa wa ndani. Mimi ilinichukua mwaka mzima kulielewa hilo. Mwaka huo wote nilikuwa nadhani wananisema.

Sasa chai. Saa nne asubuhi hapa kazini kila kitu kinasimama. Mapumziko hayo yanaitwa "smoko", na asili yake ni dakika za kuvuta tumbaku za wafanyakazi wa zamani. Tumbaku imekwisha, neno limebaki, siku hizi ni chai na biskuti. Mimi ndiye ninayesukuma toroli. Birika mbili kubwa, maziwa kwenye jagi la bati, sukari, na sahani ya biskuti za Anzac, zile za shayiri, nazi na asali ya miwa ambazo hazitiwi yai. Kuna babu mmoja alikuwa anakaa kwenye kiti cha dirishani. Alikuwa anaizamisha biskuti kwenye chai, anahesabu moja, mbili, tatu kwa midomo bila sauti, anaitoa kabla haijamong'onyoka. Ikizidi tatu inakatikia kikombeni. Ikipungua, alikuwa anasema, hujala biskuti, umekula ubao. Mtu amefanya kazi miaka arobaini kwenye karakana za reli za hapa Ipswich, na furaha yake ya siku ilikuwa hapo, kwenye hesabu ya tatu.

Nilizoea kusimama pale na toroli nimsubiri amalize ile ya kwanza. Nilikuwa sina haja ya kusimama.

Nitaendelea. Walioko huku karibuni mniongezee, na walioko nyumbani ulizeni.

#2 Mdau wa Mwanza

Dada, uzi mtamu huu. Swali moja tu: hao wazee mnawaitaje? Nasikia huko mtoto mdogo anamwita mtu wa miaka 80 kwa jina lake. Wewe mtu wa Tanga unaliwezaje hilo?

#3 Mleta uzi

Mkuu, umenigusa penyewe.

Ni kweli. Kwenye kadi ya mlango limeandikwa jina la kwanza, na mwenyewe anakwambia niite hivyo hivyo. Kwao ni heshima, maana yake hataki ujishushe mbele yake. Mimi ulimi ulikataa. Mtu ana umri wa bibi yangu, nimwite jina kama nacheza naye rede? Miezi ya mwanzo nilikuwa naingia chumbani bila kumwita mtu chochote, naanza tu na salamu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Siku moja nikamweleza yule babu wa dirishani. Nikamwambia kwetu mtu wa umri wako haitwi jina, anaitwa babu, na anasalimiwa shikamoo, naye anajibu marahaba. Akataka alisikie tena. Akachukua kadi ya chakula cha mchana, akageuza nyuma, akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika kwenye vyuma: MARA-HABA. Akaibandika ukutani juu ya redio. Kesho yake naingia, nasema shikamoo, anaangalia ukutani, anasema marahaba, halafu anaongeza "love", kwa sababu ndivyo wanavyotuita wahudumu. Marahaba, love. Asubuhi zangu zote zilianza hivyo kwa miaka minne.

Bibi wawili wa meza yake nao wakajifunza.

Halafu nikaja kugundua jambo ambalo laiti ningelijua mapema. Wenyeji wa kwanza wa nchi hii, Waaborijini, wao wana heshima ya namna yetu. Mzee wao anaitwa "Uncle", bibi yao anaitwa "Aunty", hata kama hamna undugu wa damu, na utalisikia mpaka kwenye hafla za serikali. Nesi mmoja ninayefanya naye kazi ni Mwaborijini. Aliposikia nasema "babu" hakuniuliza kwa nini. Aliitikia kwa kichwa tu akaendelea na kazi.

#4 Mdau wa Melbourne

Salaam kutoka Naarm. Ndiyo jina la Melbourne kwa wenyeji wake wa asili, na siku hizi vijana wengi wanalitumia kabisa, hata kwenye anwani za vifurushi utaliona.

Dada, Queensland mna maneno yenu. Mimi nilikaa Melbourne miaka sita nikahamia Brisbane kwa kazi ya miezi michache, nikawa kama nimeshuka nchi nyingine. Nguo ya kuogelea mimi naijua "bathers", huko kwenu "togs", Sydney wanasema "swimmers" au "cossie". "Footy" kwetu ni ule mpira wa Kiaustralia, AFL, wa uwanja wa mviringo, huko kwenu ni rugby. Halafu ile silesi ya kiazi iliyochovywa kwenye unga na kukaangwa, sisi ni "potato cake". Nimeingia duka la samaki na chipsi Brisbane nimeagiza potato cake, binti ananiangalia. Anasema hana. Namwonyesha kwenye kioo, ziko pale. Ananiambia, hizo ni "scallop". Scallop kwangu ni kombe la baharini! Watu huku wanabishana juu ya jina hilo kwa moyo wote, ukitaka kuamsha meza ya chakula cha mchana ofisini taja kiazi.

#5 Mleta uzi

Mdau wa Melbourne, majina hayo yote mawili mimi siyahitaji. Hizo ni viazi karai.

Nasema kwa uhakika. Siku ya kwanza kuila ilikuwa ndani ya gari, mvua inanyesha, mwanangu ana miaka minne. Karatasi ya moto mapajani, mafuta yamepenya. Nikauma, nikasimama kutafuna. Unga wa nje mkavu, ndani kiazi laini kinatoa mvuke. Kilichokosekana ni bizari ya kuupa unga rangi ya njano na ukwaju wa kuchovya. Nilikuwa naona kabisa karai la mama mmoja wa barabara ya kumi na tano pale Tanga, jioni baada ya madrasa. Sasa hivi nikinunua nakwenda nazo nyumbani, ukwaju ninao kwenye friji, nimeutengeneza mwenyewe. Mwanangu anauita "brown sauce ya mama".

Kuhusu ubishi wa majina, mbona sisi hatuna tofauti na wao? Muulize mtu wa Mombasa na mtu wa Dar mahamri na maandazi ni kitu kimoja au viwili, halafu kaa pembeni.

Soseji sasa. Kuna duka kubwa la vifaa vya ujenzi, Bunnings, na mlangoni kwake wikiendi kuna hema na jiko la kuchomea nyama. Wanaochoma ni watu wa kujitolea, wazazi wa shule, klabu ya mpira ya watoto, skauti, na hela inakwenda kwao. Unapewa silesi moja ya mkate mweupe imekunjwa pembe kwa pembe, soseji ndani, kitunguu cha kukaanga, sosi ya nyanya. Basi. Bei ilikuwa dola 2.50 kwa miaka mingi, 2022 ikapanda kuwa 3.50, na ilikuwa habari ya taifa zima. 2018 walitangaza kitunguu kiwekwe chini ya soseji badala ya juu, kisidondoke sakafuni mtu akateleza, nalo likawa mjadala wa nchi nzima. Mwanzoni nilishangaa. Siku hizi naelewa, kwa sababu hiyo ni starehe ambayo fundi, daktari na mgeni wa juzi wanasimama foleni moja kuipata.

Mimi Mwislamu, kwa hiyo miaka ya mwanzo nilikuwa naomba mkate na kitunguu tu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini, na mara nyingi kitunguu walinizidishia. Shule ya mwanangu ilipopata zamu ya hema, mwalimu akanipigia simu kuniuliza soseji za halali zinauzwa wapi. Tukanunua za halali zote, tusiwe na jiko mbili. Nilisimama kwenye jiko lile saa tano mfululizo na koleo mkononi. Nimenuka kitunguu siku mbili, na nilifurahi siku zote mbili.

Na kwenye uchaguzi ni hivyo hivyo. Kupiga kura huku ni lazima, sheria ya shirikisho ya 1924, usipokwenda bila sababu unatozwa faini ya dola 20. Uchaguzi unakuwa Jumamosi, vituo vingi ni shule za msingi, na shule zinachoma soseji uwanjani. Soseji hiyo ina jina lake, "democracy sausage", soseji ya demokrasia. Kituo cha kamusi cha Chuo Kikuu cha Taifa kule Canberra kililichagua kuwa neno la mwaka 2016. Kura yangu ya kwanza nchi hii niliipiga tarehe 21 Mei 2022. (Mambo ya uraia pacha yana uzi wake humu, tusiyalete hapa tafadhali.) Nilivaa baibui jipya. Nilitumbukiza karatasi, nikatoka uwanjani, nikanunua mkate na kitunguu, nikakaa kwenye benchi la watoto wa darasa la kwanza nikala polepole.

#6 Mdau wa Toowoomba

Wandugu, mie ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, nilikulia kambi ya Nyarugusu pale Kasulu, sasa niko Toowoomba hapa juu ya mlima, saa moja na kidogo hivi toka kwa dada. Tuko wengi huku tunaosema Kiswahili.

Dada amesema Kiingereza chao kinabadilika. Mie naona chetu ndicho kinabadilika upesi zaidi. Binti yangu wa miaka saba ameingia ndani juzi analia, "Baba, mozi ameniuma." Nikamuuliza mozi ni nini. "Mozi, baba! Mamozi wako wengi nje." Amechukua "mozzie" yao, amemwondolea Kiingereza, amempa wingi wa Kiswahili. Mbu hamjui. Sikumgombeza, nilikaa chini nikamwambia huyu anaitwa mbu. Akasema, mbu ni wa Tanzania, huyu ni mozi.

Sikulala vizuri usiku ule, nasema kweli. Bibi yake akipiga simu watasemezana nini?

#7 Mwalimu wa Kiswahili, Dodoma

Nimesoma uzi huu mara mbili. Ndugu wa Toowoomba, usihuzunike kupita kiasi. Angalia neno letu "alasiri". Babu zetu walilichukua kwa Waarabu, al-asr, wakalipa irabu za kwetu, leo nani anaona ni la kigeni? Mtoto wako amefanya kwa "mozi" kile kile walichofanya wao. Amelivisha neno nguo za Kiswahili, na wingi ameuweka bila kufundishwa. Maana yake sarufi anayo. Mbu mrudishie taratibu.

Mleta uzi, umegusa maneno ya wenyeji wa asili ukapita. Rudi hapo. Na je, maneno ya zamani ya Kiingereza cha huko yako hai, au nayo yanaondoka?

#8 Mleta uzi

Mwalimu, shikamoo. Nakujibu kwa kirefu kidogo.

Kwanza, ndugu wa Toowoomba, mwanangu naye ni hivyo hivyo. Kwake "servo" limeshakuwa neno la Kiswahili, anasema "tupite servo ile ya kona". Kinachonisumbua zaidi ni saa. Namwambia njoo saa tatu, yeye anasikia tatu ya Kiingereza, ambayo ni saa tisa yetu. Nilimnunulia saa ya ukutani, nikabandika karatasi zenye saa zetu juu ya zile namba. Inatusaidia.

Sasa maneno ya wenyeji. Yule babu wa reli alikuwa na neno "yakka". Kazi ngumu ni "hard yakka". Nilidhani ni neno la karakana. Kumbe ni la Kiyagara, lugha ya watu wa asili wa upande huu wa Brisbane na Ipswich, yaani lilizaliwa hapa hapa ninapopanga foleni ya basi. Wazungu walilichukua karne ya kumi na tisa na sasa nchi nzima inalo. Kangaruu ni Kiguugu Yimithirr, cha huko juu Cooktown, lilichukuliwa na watu wa meli ya Mwingereza James Cook 1770. "Billabong", bwawa la pembeni mwa mto, ni Kiwiradjuri. Kabla ya Wazungu bara hili lilikuwa na lugha zaidi ya 250. Nyingi zimenyamaza, lakini kuna za watu wanaopambana kuzirudisha, na unasikia mabadiliko mdomoni mwa watoto. Kile kisiwa kikubwa cha mchanga kilichokuwa kinaitwa Fraser, tangu Juni 2023 jina lake rasmi ni K'gari, jina la Wabutchulla wenyewe, wenyeji wake wa asili. Hiyo K haisikiki, linatamkwa karibu na "gari" letu. Wazee wangu bado wanasema Fraser. Mwanangu hajui kwamba kiliwahi kuitwa hivyo.

Wimbo wa taifa nao. Tarehe 1 Januari 2021 walibadilisha neno moja. Palipokuwa "young and free", sisi ni wachanga na huru, pakawa "one and free", sisi ni wamoja na huru. Kwa sababu utasemaje nchi ni changa wakati kuna watu wameishi humo makumi ya maelfu ya miaka? Sikukuu fulani watoto wa shule walikuja kuimba kwenye makao yetu. Watoto wakaimba "one", wazee wakaimba "young", pamoja, kwa sauti moja. Hakuna aliyemkatiza mwenzake. Nesi Mwaborijini niliyemtaja alikuwa amesimama karibu yangu, aliwasikiliza watoto tu.

Yeye ndiye aliyenipa neno "deadly". Kwa Kiingereza cha kitabu ni kitu cha kuua. Kwa Waaborijini ni sifa, kitu bora kabisa. Nilileta pilau kazini siku ya mwisho kabla ya Krismasi, akala, akasema "that's deadly, sis". Mwenzetu mgeni kutoka nchi nyingine akaacha kula. Mimi nilielewa papo hapo, maana kijana wa Bongo akila pilau ile angesema "hatari!" kwa sauti hiyo hiyo.

Na nyingine, Mwalimu, hii utaipenda. Kuna vijana wa mitaani huku wanaitwa "eshay", viatu vya michezo, kofia, kibegi kimevaliwa kifuani. Watu wanawaogopa. Nikiwa kituo cha treni niliwasikia wanaongea kitu ambacho si Kiingereza, halafu nikashtuka, ni Kiingereza kimegeuzwa. "Lad", yaani kijana, wao wanasema "adlay". Wanatoa sauti ya mbele wanaipeleka nyuma. Hicho ni kinyume! Sisi wasichana wa Tanga tulikuwa tunaficha siri zetu hivyo hivyo mbele ya mama zetu. Nyumba tunasema mbanyu, kesho tunasema shoke. Nilitamani kuwaambia. Tangu siku ile siwaogopi tena, nawaona watoto wanaoficha mambo yao.

Sasa swali lako la mwisho. Ndiyo, ya zamani yanaondoka. Yule babu alikuwa anamwita rafiki yake "cobber". Akishangaa anasema "strewth". Kitu cha kweli tupu ni "fair dinkum". Wahudumu vijana wazaliwa wa hapa wanasema "bro" na maneno ya simu, na wengine "cobber" wanalijua kwa kusimuliwa tu. Maneno mapya yanaingia bado kwa mtindo ule ule wa kukata. 2020 wakati wa korona, kujitenga kukawa "iso", nalo likawa neno la mwaka la wale wa Canberra. 2023 Kamusi ya Macquarie, ya Kiingereza cha Australia, ilichagua "cozzie livs", gharama za maisha, lililoanzia Uingereza lakini likakaa vizuri sana midomoni mwa watu wa huku. Kwa hiyo mkasi ni ule ule, unakata maneno mengine. Ila "iso" halinifanyii kitu moyoni. "Cobber" linanifanyia.

Babu alifariki Julai mwaka jana, katikati ya baridi. Alikuwa na miaka 91. Nilipokwenda kusafisha chumba, ile kadi ilikuwa bado ukutani juu ya redio, gundi imegeuka njano. Familia yake iliniruhusu niichukue. Tangu siku ile sijamsikia mtu mwingine yeyote kwenye jengo lile akisema cobber. Nimesikiliza.

#9 Mdau wa Temeke

Poleni sana dada. Umenitoa machozi nikiwa kwenye daladala. Na la basi je? Kichwa cha uzi kimesema basi la senti 50 na hujalieleza.

#10 Mleta uzi

Ahsante sana mdau. Basi nalimalizia, maana nina nusu saa kabla ya zamu.

Tangu Agosti 2024 nauli ya basi, treni na boti za umma huku Queensland ni senti 50. Walianza kwa majaribio, ikawa ya kudumu. Natoka Ipswich mpaka Brisbane, kilomita kama 40, kwa senti 50. Naweza kuendelea mpaka Gold Coast kwenye bahari kwa hela hiyo hiyo. Jumapili tunafanya hivyo kweli, mimi na mwanangu, na chapati kwenye kontena. Kwanza tunakaa upande wa kushoto. Oktoba na Novemba mijakaranda inachanua, barabara zinakuwa za zambarau juu na chini, na aliyewahi kukaa Arusha au Nairobi miezi hiyo anajua ninachosema. Desemba ni maembe. Hapa yanauzwa kwa trei nzima, embe la Bowen likinukia jikoni nyumba nzima inajua. Nje ya mji kuna vibanda visivyo na muuzaji, kuna maembe, kuna kisanduku cha hela, unachukua, unaweka, unaondoka. Mara ya kwanza nilikaa pale dakika kumi nikisubiri mwenyewe atoke.

Lakini raha ya basi lenyewe ni kushuka. Huku kila mtu akishuka anamshukuru dereva. Mwanafunzi, mlevi, bibi mwenye kigari cha kutembelea, hata wale eshay. Wanaoshukia mlango wa nyuma wanapaza sauti ifike mbele. Wengine wanasema "thanks, driver", wengi wanasema "ta", silabi moja tu, fupi kuliko zote nchi hii. Mwanzoni nilikuwa nashuka kimya, nimezoea "konda, shusha!" Nilianza kwa kunong'ona. Sasa nasema kwa sauti. Mwanangu ana namna yake. Yeye anasema "ta, driver", halafu kwa sababu nilimfundisha kwamba dereva mzee ni mtu mzima, anaongeza shikamoo.

Wiki iliyopita dereva mmoja, Mhindi mwenye ndevu nyeupe, alimsimamisha mlangoni akamuuliza neno lile ni la wapi na linajibiwaje. Mwanangu akamwambia. Watu nyuma yetu walikuwa wanasubiri kushuka na hakuna aliyepiga kelele. Jana tumepanda basi lake tena.

Nitarudi usiku kusoma michango yenu. Naingia arvo.